Msimamizi wa Mirathi si Mwenye Mali

Mazungumzo yaliyotolewa na Dawati la Ulinzi wa Watoto na Familia katika baraza la polisi na wananchi

Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza juu ya mirathi, baadhi yenu mlituuliza: polisi na mirathi wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Polisi hatugawi mirathi. Hatuna mamlaka ya kusema shamba hili ni la fulani na nyumba ile ni ya fulani, na askari yeyote atakayeketi barazani kuwagawia watu mali ya marehemu amevuka mpaka wa kazi yake. Hata hivyo, malalamiko mengi yanayofika katika dawati letu kwa jina la wizi, kughushi, kupigana, au mtoto kutoroka nyumbani, ukiyachimba kidogo unakuta chini yake kaburi ambalo udongo wake haujakauka, na msimamizi asiyejua, au asiyetaka kujua, kazi yake ni ipi.

Tuanze na jambo moja lililotufika, bila majina na bila kutaja kijiji. Mama mmoja alikuja kituoni asubuhi akiwa na binti yake aliyevaa sare ya shule. Hakuja kushtaki wizi. Alikuja kuuliza kama polisi wanaweza kumwombea binti huyo arudishwe darasani, kwa sababu alikuwa amefukuzwa kwa ada, naye alikuwa kidato cha pili. Tulimwuliza baba wa mtoto yuko wapi. Akasema amefariki, miaka mitatu imepita. Tukauliza kama aliacha chochote. Akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la aibu, kwamba aliacha vyumba sita vya maduka pale senta, shamba la kahawa na kiwanja kitupu kando ya barabara. Vyumba sita vya maduka, vyote vina wapangaji, na mtoto wa mwenye maduka amefukuzwa shule kwa ada.

Msimamizi wa mirathi ile alikuwa ndugu wa marehemu. Tulimwita, naye akaja kwa hiari yake, amevaa kanzu na koti, mtu wa heshima anayejulikana kanisani. Hakuwa amejificha wala kughushi lolote. Alikuwa na barua za usimamizi kutoka mahakamani, halali kabisa, zenye mhuri. Tulipomwuliza kodi ya maduka inakwenda wapi, alishangaa swali lenyewe. Akasema: mali ya kaka yangu ni mali ya ukoo, na mimi ndiye niliyevishwa urithi siku ya kumaliza matanga; nitamwibiaje mtu mali iliyo yangu?

Katika jibu lile yamo makosa matatu ambayo tunayakuta kila wiki, na ndiyo yaliyotufanya tuwaite leo.

La kwanza ni kuchanganya mrithi wa kimila na msimamizi wa mirathi. Tunaheshimu mila. Ukoo unapokaa, ukamvika mtu vazi la magome ya mti na kumkabidhi mkuki, unampa heshima ya kushika jina la marehemu na kuwa kichwa cha nyumba katika mambo ya ukoo. Sheria ya Mirathi ya Uganda haipuuzi heshima hiyo. Imempa mrithi wa kimila fungu lake. Lakini fungu hilo ni asilimia 1. Kwa mtu aliyefariki bila wosia akaacha watoto, mwenzi wa ndoa, ndugu waliokuwa wakimtegemea na mrithi wa kimila, marekebisho ya mwaka 2022 yanagawa hivi: wazawa wa marehemu asilimia 75, mwenzi wa ndoa asilimia 20, ndugu tegemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Mkuki si hati ya ardhi. (Wenzetu Waislamu wana kanuni zao za mafungu, nasi hatutaingia humo leo, wapo mashekhe hapa wanaozijua kuliko sisi. Wajibu wa kutunza mali na kutoa hesabu, ambao ndio tunaouzungumza, hauna dini.)

Msimamizi ni mtu mwingine kabisa, hata kama ni yule yule kwa sura. Yeye hapewi kazi na ukoo, anapewa na mahakama. Ukoo unaweza kumpendekeza, na ni vizuri umpendekeze, lakini mkutano wa ukoo haumpi mtu uwezo wa kupokea kodi, kutoa fedha benki au kuuza kiwanja. Njia yake ni hii. Kifo huandikishwa na cheti hupatikana. Mwenyekiti wa kijiji hutoa barua ya kumtambulisha marehemu na familia yake. Habari hupelekwa katika ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambayo huita familia, husikiliza kama kuna ubishi, na ikiridhika hutoa hati ya kutopinga. Kwa hati hiyo mwombaji huenda mahakamani, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na baada ya hapo mahakama hutoa barua za usimamizi. Kama marehemu aliacha wosia na kumtaja wasii, wasii huyo ndiye anayeomba wosia uthibitishwe. Tangu marekebisho ya 2022, mwenzi wa ndoa aliyebaki hutangulizwa mbele ya wengine katika kuomba usimamizi. Wapo wazee ambao jambo hili halijawafurahisha, nasi tumewasikia, lakini ndiyo sheria.

Sasa, kati ya siku ya mazishi na siku ya kupata barua hizo hupita miezi, na hapo ndipo uharibifu mwingi hutokea. Mtu hajazikwa vizuri, shemeji ameshachukua funguo za pikipiki. Mwingine anaijua namba ya siri ya simu ya marehemu, naye anatoa fedha zote za simu usiku ule ule kabla laini haijafungwa, akisema ni za matanga. Mwingine anawaendea wapangaji na kuwaambia kuanzia leo kodi nileteeni mimi. Sheria ina jina la mtu wa namna hiyo: ni msimamizi kwa kosa lake mwenyewe. Hana haki za msimamizi, lakini anabeba madeni ya msimamizi. Kila alichokigusa atadaiwa na msimamizi halali atakapopatikana. Na zaidi ya kudaiwa, kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa la jinai. Hilo ni letu polisi.

Tunaulizwa sana: basi ng'ombe wafe kwa njaa tukisubiri mahakama? La. Sheria inaruhusu mtu kuigusa mali kwa ajili ya kuihifadhi, kwa ajili ya mazishi, na kwa mahitaji ya haraka ya familia ya marehemu. Kukamua ng'ombe na kuwanywesha watoto maziwa si kosa. Kufunga nyumba kwa kufuli na kumpa mjane ufunguo si kosa. Kuuza ng'ombe ili ununue mabati ya nyumba yako, hilo ni kosa, hata ukisema ulikuwa unamhifadhi.

Na nyumba. Nyumba aliyokuwa akiishi marehemu na familia yake haigawanywi pamoja na mali nyingine. Imetengwa kwa ajili ya mwenzi wake na wazawa wake kukaa humo, na kumfukuza mjane au watoto katika nyumba hiyo ni kosa ambalo mtu anaweza kufungwa kwa ajili yake. Tunalisema hili polepole kwa sababu tunajua linavyofanyika: si kwa kumtoa mtu nje kwa nguvu, bali kwa kung'oa mlango, kukata maji, kuweka mtu mwingine chumba cha pili, mpaka mama mwenyewe afunge mizigo yake arudi kwao. Likifanyika hivyo, msingoje mpaka afunge mizigo. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 1995 iliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane, wanawake kwa wanaume, kurithi mali ya wenzi wao na kuwa na haki juu ya watoto wao. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu kadhaa vya Sheria ya Mirathi vilivyowabagua wanawake. Ilichukua miaka 15 zaidi kabla ya vifungu vipya kuwekwa mahali pa vile vilivyoanguka, na katika miaka hiyo, tukiri ukweli, hata sisi katika vituo tulikuwa tukiwaambia wajane warudi nyumbani kwa kuwa hayo ni mambo ya ukoo. Wapo humu ndani waliosikia maneno hayo kwenye kaunta yetu. Tunawaomba radhi.

Turudi kwa yule bwana wa kanzu na koti. Kosa lake la pili, na kwa maoni yetu ndilo kubwa, lilikuwa la mfuko. Kodi ya maduka ilikuwa ikiingia katika laini ile ile ya simu aliyopokelea fedha zake za kahawa, ada za watoto wake na michango ya harusi. Tulipomwomba hesabu, alileta mfuko wa kavera uliojaa karatasi: risiti za saruji, stakabadhi za shule, daftari la mpangaji mmoja, karatasi ya hospitali. Tulikaa naye karibu siku nzima. Yalikuwamo mambo mema. Alikuwa amelipa deni la hospitali la marehemu kwa fedha zake mwenyewe, jambo ambalo mjane hakulijua. Alikuwa amelipa gharama za mazishi. Lakini yalikuwamo pia mabati ya nyumba yake, na yeye mwenyewe, alipoulizwa, hakuweza kusema mabati yale yalitoka fungu gani. Hatuamini kwamba siku ya kwanza alikusudia kuiba. Mtu anapoweka maji ya jirani na maji yake katika mtungi mmoja, baada ya mwezi hajui tena anakunywa ya nani.

Kwa hiyo tunawaomba wasimamizi walio hapa, na tunajua mpo: kila mirathi iwe na akaunti yake. Kama ni ndogo mno kwa benki, iwe na laini yake ya simu na daftari lake. Kila kodi iandikwe tarehe, jina la mpangaji na kiasi. Kila matumizi yawe na risiti. Msimamizi ana haki ya kurudishiwa gharama za kweli alizotumia katika kazi, nauli ya mahakamani, ada ya wakili. Hana haki ya kujipatia faida kwa mali aliyoaminiwa. Ikiwa mali imepotea kwa kuitumia visivyo, atailipa kutoka mfukoni mwake. Ikiwa marehemu alikuwa akidai watu na msimamizi akazembea kuyakusanya madeni hayo mpaka yakafa, hasara hiyo pia inaweza kuwa yake. Hili la mwisho huwashangaza wengi, kwa kuwa wanadhani asiyechukua kitu hana kosa.

Kukusanya na kulipa kuna utaratibu wake. Gharama za mazishi, kwa kadiri ya hali ya marehemu, na matibabu ya ugonjwa wake wa mwisho hutangulia. Kisha gharama za kupata barua za usimamizi. Kisha mishahara ya wafanyakazi waliomhudumia katika miezi mitatu kabla ya kifo chake. Yule kijana mchungaji wa ng'ombe ambaye kila mtu humsahau anadai kihalali. Kisha madeni mengine. Ndipo warithi wapate mafungu yao. Tumewahi kuona warithi wakigawana mashamba matanga hayajaisha, halafu mdai halali akaja na hati zake, na kila mtu akalazimika kurudisha.

Wajibu wa tatu ndio ambao karibu hakuna anayeutimiza. Ndani ya miezi 6 tangu kupewa barua, msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha kamili na ya kweli ya mali yote ya marehemu, ya anachodai na anachodaiwa. Ndani ya mwaka 1 anatakiwa kupeleka hesabu: nini kilipokewa, nini kilitumika, nani alipewa nini. Mahakama inaweza kumwongezea muda akiomba. Haiwezi kumwongezea asipoomba. Kukaidi wajibu huu bila sababu ni mojawapo ya mambo yanayoweza kumfanya avuliwe usimamizi, na kuandika orodha ya uongo kwa makusudi ni jinai. Tena, tangu 2022 barua za usimamizi zina kikomo cha miaka 2, na anayehitaji zaidi lazima arudi mahakamani kuomba. Ile desturi ya mtu kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yake tangu ujana mpaka uzee imefungiwa mlango.

Bwana yule alipouliza mbona hakuna aliyemwambia habari ya orodha, tulimwomba asome karatasi yake ya mahakama. Ilikuwa imeandikwa humo humo, katika maneno ya ahadi aliyoitia sahihi. Alikuwa ameifunga katika plastiki na kuiweka sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo, na hakuwahi kuisoma tangu siku ile.

Lipo neno moja zaidi kuhusu kile kiwanja kando ya barabara. Kiliuzwa. Mnunuzi kwenye karatasi alikuwa rafiki wa msimamizi. Miezi michache baadaye kilikuwa mkononi mwa msimamizi mwenyewe. Sheria inasema msimamizi akinunua mali ya marehemu, ama mwenyewe ama kwa kupitia mtu mwingine, mwenye maslahi yeyote anaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo hayo. Haijalishi kama bei ilikuwa nzuri. Mtu mmoja hawezi kukaa pande zote mbili za mezani, akawa anayetaka bei kubwa kwa ajili ya yatima na anayetaka bei ndogo kwa ajili yake. Nanyi mnaonunua viwanja, mkiona hati ina jina la msimamizi wa mirathi ya fulani, msitazame jina tu. Ombeni barua za usimamizi, angalieni tarehe, nendeni mkawaone mjane na watoto. Kwa wale wa vibanja ambao hawana hati, mwulizeni mwenyekiti na majirani. Tumepokea wanunuzi wengi wanaolia kwamba walidanganywa, na karibu wote walikuwa wakijua kwamba marehemu aliacha mke.

Kuhusu mke tuseme wazi, hata kama linauma. Fungu la mwenzi ni la mwenzi wa ndoa, iwe ya kanisani, ya Kiislamu, ya serikali, ya Kihindu au ya kimila. Waliokaa pamoja miaka 15 bila ndoa yoyote, sheria haiwaiti mume na mke, na tumeona mama aliyemwuguza mtu mpaka kufa akitoka mikono mitupu. Walio katika hali hiyo walitafakari jambo hili wakiwa wote hai. Na waliofunga ndoa ya kimila waiandikishe. Watoto ni jambo jingine. Mtoto wa marehemu ni mtoto, wa ndani ya ndoa au wa nje, wa kike au wa kiume, na msimamizi hawezi kumfuta katika orodha kwa kuwa ukoo haukumjua kabla ya mazishi. Aliye chini ya miaka 18 fungu lake hutunzwa kwa niaba yake, halikopwi.

Mtauliza sisi tulifanya nini na yule mama. Kwanza tulizungumza na mwalimu mkuu, na binti akarudi darasani wiki ile kwa ahadi ya maandishi. Hiyo haikuwa sheria, ilikuwa ujirani. Kisha tulifungua jalada juu ya mauzo ya kiwanja, kwa sababu sahihi moja katika karatasi za mauzo ilitutia shaka. Mengine yote, yaani hesabu, mgawanyo, na kama msimamizi aendelee au la, tuliyapeleka panapohusika: kwa Kabidhi Wasii Mkuu, na kwa njia hiyo mahakamani. Mahakama iliagiza hesabu itolewe. Mfuko ule wa kavera ulifunguliwa tena, safari hii mbele ya hakimu, na karatasi zikapangwa moja moja. Mjane aliposikia habari ya deni la hospitali, alimgeukia shemeji yake akamwambia: ungeniambia. Usimamizi sasa uko kwa mama huyo pamoja na mwanawe mkubwa. Kodi inaingia katika akaunti ya mirathi, na tumeliona daftari lao. Limeandikwa vizuri kuliko ya baadhi ya ofisi. Kesi ya kiwanja bado iko mahakamani, kwa hiyo hatutaisema zaidi.

Anayetaka kuja kwetu baada ya leo aje na cheti cha kifo kama anacho, barua ya mwenyekiti, nakala ya barua za usimamizi, na karatasi yoyote ya ndoa au ya kuzaliwa kwa watoto. Asiye na chochote aje vivyo hivyo. Hakuna malipo ya kufungua jalada, wala ya fomu, wala ya mafuta ya gari. Akiombwa, amwone mkuu wa kituo siku ile ile. Wasimamizi wenye mifuko ya kavera nao wanakaribishwa. Hatutamkamata mtu kwa kuja kuuliza namna ya kupanga risiti.

Tumezungumza kwa muda mrefu kuliko tulivyoahidi. Mzee wa pale nyuma ameinua mkono tangu tulipotaja asilimia 1. Mpeni kipaza sauti, yeye ndiye aanze.